Miguu Isiyotulia, na Dawa Inayogeuka

Hotuba ya karani wa chama, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Adungosi



Kamati ilituagiza tuandike hotuba juu ya afya, ili isomwe leo na kupigwa chapa katika kitabu cha taarifa ya mwaka pamoja na hesabu za fedha. Twajua ya kuwa sisi si madaktari. Sisi ni karani tu, na wengi wenu mlikuwa mmekwisha kuoa na kujenga kabla hatujazaliwa. Walakini jambo tutakalolieleza lilipita mezani petu kwa miaka mingi, katika barua na stakabadhi za Mfuko wa Wagonjwa, nasi hatukulielewa. Kwa kutolielewa tulimkosea mwenzetu mmoja. Basi hotuba hii ni mafundisho, tena ni kuomba radhi.

Kuna maradhi yaitwayo miguu isiyotulia. Mgonjwa huketi jioni apumzike, au hulala kitandani, na hapo ndipo miguu inapoanza kumsumbua. Wengine husema ni kama siafu watambaao ndani ya nyama. Wengine husema ni kama uzi unaovutwa ndani ya mfupa. Alama zake ni nne. Kwanza, mgonjwa huwa na hamu kubwa ya kuisogeza miguu, hata hawezi kujizuia. Pili, hamu hiyo huja au huzidi wakati wa kutulia. Tatu, hupungua akisimama na kutembea, au akijinyosha. Nne, huwa mbaya zaidi jioni na usiku kuliko asubuhi. Mwenye alama zote nne hana budi kupimwa na daktari, ili ijulikane kama ni maradhi haya au ni mengine yanayofanana nayo, kama vile ganzi ya kisukari au mishipa kukakamaa.

Mtu wa namna hii huonekana akizunguka uani saa 7 ya usiku. Ninyi mwajua jinsi watu wa kwetu wamfikiriavyo mtu atembeaye usiku bila sababu. Humwita mkimbiaji wa usiku, na watoto hukatazwa kupita kwake. Kumbe maskini hana uchawi, anatafuta usingizi.

Maradhi haya si mageni duniani. Tabibu Mwingereza, Thomas Willis, aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1672. Mwaka 1945 tabibu wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliyachunguza vizuri na kuyapa jina hili la miguu isiyotulia. Naye aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake walikuwa na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Huko Ulaya na Marekani hukadiriwa kwamba katika kila watu wazima 100, watu 5 hadi 10 wana dalili zake, ingawa kwa wengi ni nyepesi. Lakini watafiti waliouliza watu katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, na kutangaza matokeo mwaka 2010, walipata wagonjwa wachache mno. Kwa sababu hiyo si ajabu zahanati zetu zikiwa hazijazoea kuyaona, na mgonjwa wa kwetu akakaa miaka mingi bila kuambiwa jina la ugonjwa wake.

Sasa twaeleza habari za mwenzetu. Ni mzee wa chama hiki, naye ameturuhusu tuziseme bila kumtaja jina. Wengi mtamtambua; yeye mwenyewe amesema mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo tuseme.

Alisumbuliwa na miguu kwa miaka mingi. Mwaka 2016 alipelekwa hospitali kubwa mbali na hapa, akapewa vidonge viitwavyo pramipeksoli. Vidonge hivi hutumika pia kwa maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson, na huigiza kazi ya dopamini. Dopamini ni kitu kilichomo ubongoni, kipelekacho habari kutoka seli moja hadi nyingine, hasa habari za mwendo wa viungo. Usiku wa kwanza mzee alilala hata jogoo wa pili. Mkewe alidhani amezimia, akamwamsha. Tangu siku ile nyumba ile ilijua raha, na Mfuko wetu ukakubali kulipia vidonge kila mwezi.

Raha ile ilidumu miaka minne. Kisha miguu ikaanza kumsumbua saa 12 ya jioni, ilhali zamani ilianza saa 3 ya usiku. Akaongezewa kidonge. Akapata nafuu ya miezi michache, kisha miguu ikaanza saa 8 ya mchana, hata hakuweza kuketi kanisani mpaka mwisho wa ibada. Akaongezewa tena. Mara ya tatu hakumwuliza mtu. Alinunua mwenyewe madukani. Ndipo mikono nayo ikaanza kusumbua kama miguu. Kila mara stakabadhi zilikuja kwetu, nasi tukatia sahihi. Katika mwaka mmoja gharama ya vidonge vyake ilipanda mara tatu, na hakuna mtu katika kamati aliyeuliza kwa nini mgonjwa anazidi kuugua kadiri tunavyozidi kumlipia.

Likazuka na jambo la pili. Mzee huyu, ambaye tangu ujana wake hakupata kucheza hata bao kwa fedha, alianza kucheza kamari ya mpira kwa simu. Alicheza usiku na mchana. Mwaka 2022 aliuza fahali wawili wa jembe, na shamba likalimwa kwa mkono. Alikuja kukopa kwetu mara tatu, kila mara kwa sababu tofauti. Wanawe wakamsema, mkewe akarudi kwao kwa muda, na mwaka 2023 kamati ikaamua kumtoa katika kiti chake. Barua ile iliandikwa kwa mkono wetu. Tuliandika kwamba amepotewa na tabia njema.

Baadaye binti yake alimpeleka kwa daktari wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Daktari yule aliuliza mambo mawili ambayo sisi hatukuyauliza kamwe. Aliuliza: miguu huanza saa ngapi sasa, na zamani ilianza saa ngapi? Kisha akauliza: je, tangu umeze dawa hii, umepata tamaa usiyoweza kuizuia, ya kamari, ya kununua vitu, ya kula, au ya wanawake? Mzee akalia mbele ya binti yake. Daktari akawaeleza kwamba tamaa za namna hiyo ni madhara yajulikanayo ya dawa hizi. Hazimpati kila azimezaye, lakini humpata hata mtu wa heshima kubwa kabisa, naye mwenyewe huona haya kusema.

Wazee wetu, hapa twaomba mtusikilize sana, kwa maana hapa ndipo penye shina la hotuba.

Sisi sote tulidhani dawa imechoka. Tulikumbuka klorokwini. Wengi wenu mliimeza tangu utoto, ikawa ikitibu malaria vizuri, kisha ikaanza kushindwa, hata mwaka 1998 serikali ya Kenya ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria na kuweka nyingine. Hiyo nyingine nayo ikashindwa, na mwaka 2004 ikaamuliwa kutumia dawa za mchanganyiko, ambazo zilianza kugawiwa mwaka 2006. Katika habari ile mdudu wa malaria ndiye aliyebadilika, akajifunza kuishinda dawa.

Lakini katika miguu isiyotulia hakuna mdudu. Dawa zote za jamii ya dopamini zaweza, zikitumiwa miaka mingi, kuugeuza ugonjwa na kuuongezea nguvu. Mwanzoni hutuliza; mwishoni huchochea. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Richard Allen na Christopher Earley, ndio walioueleza ugeukaji huu kwa wagonjwa waliomeza levodopa, ambayo huleta hatari hiyo zaidi kuliko dawa nyingine. Hukadiriwa kwamba kila mwaka wagonjwa 7 au 8 kati ya 100 wanaotumia vidonge kama pramipeksoli na ropiniroli huanza kugeukwa na dawa hivyo. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika jambo hili usemi huo haufai. Mgonjwa akiongeza kidonge hupata usiku chache za nafuu, kisha ugonjwa hurudi mapema zaidi na kwa nguvu zaidi.

Yafuatayo ndiyo ya kuangalia. Dalili huanza mapema kuliko zamani kwa saa mbili au zaidi. Miguu huanza kusumbua upesi mara mtu akiketi. Taabu huenea hadi mikononi au kiwiliwili. Nafuu ya kidonge huwa fupi kuliko zamani. Kila dawa ikiongezwa, baada ya muda hali huwa mbaya zaidi. Mwenye kuona dalili hizi asiseme dawa imechoka, bali aseme dawa imegeuka, na aende kwa daktari.

Lakini yafaa tuwe waangalifu, kwa kuwa si kila kuzidi kwa ugonjwa ni kugeuka kwa dawa. Pengine madini ya chuma yamepungua mwilini. Pengine mgonjwa ameanza dawa nyingine inayoichokoza miguu, kama vile vidonge vya mafua na mwasho viletavyo usingizi, ambavyo kila duka linauza. Au baadhi ya dawa za kuzuia kutapika. Au baadhi ya dawa za huzuni na za maradhi ya akili. Wengi hununua vile vya mafua ili wapate usingizi, kumbe vinawanyima. Pengine figo zimeharibika. Pengine mwanamke ni mja mzito, na kwake mara nyingi hali hupoa baada ya kujifungua. Daktari ndiye atakayepambanua. Mgonjwa na ampelekee vidonge vyote anavyotumia, hata vya dukani na vya miti shamba.

Sasa yapi yafanywe? Jambo la kwanza ni kutoongeza dawa kwa shauri la mtu mwenyewe. Jambo la pili ni kutoiacha ghafula. Mzee wetu alipoambiwa kwamba dawa ndiyo iliyomharibia, alitaka kuvitupa vidonge vyote chooni usiku uleule. Daktari alimkataza. Aachaye ghafula hupatwa na usiku mbaya kuliko zote alizopata kuziona, na wengine huingiwa na hofu, huzuni na jasho. Alipunguziwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Hata hivyo usiku za kupunguza zilikuwa ngumu. Binti yake na wanawe walipokezana kutembea naye uani.

Jambo la tatu ni kupima akiba ya madini ya chuma mwilini. Kipimo hicho huitwa feritini, nacho si sawa na kile cha kutazama wingi wa damu tu. Ubongo wahitaji madini ya chuma ili dopamini ifanye kazi yake, na mtu aweza kuwa na damu ya kutosha ilhali akiba yake ni haba. Kwa watu wengine feritini ya 20 au 30 huhesabiwa kuwa yatosha. Kwa mgonjwa wa miguu isiyotulia, madaktari hushauri atibiwe ikiwa ni 75 au chini yake. Feritini ya mzee wetu ilikuwa 18. Katika miaka yote ile tuliyomlipia vidonge, hakupimwa hata mara moja. Kipimo kisifanywe wakati wa homa, kwa sababu homa huipandisha feritini na kuuficha upungufu. Wala mtu asinunue vidonge vya madini ya chuma na kuvimeza bila kupimwa, maana wako watu, hasa waliotiwa damu mara nyingi, ambao madini hayo yamewazidi, na kwao ni sumu. Penye haja, hospitali huweza kuyatia kwa mshipa.

Katika nchi yetu hii ya Busia sababu za kupungukiwa madini ya chuma si chache. Minyoo ya safura hunyonya damu, malaria huiharibu, wanawake huipoteza katika hedhi na uzazi. Basi viatu, vyoo safi, dawa za minyoo na vyandarua ni msaada kwa miguu isiyotulia pia. Chakula nacho husaidia: nyama, maini, omena, maharagwe na mboga za majani kama kunde, pamoja na limau au chungwa. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Lakini akiba ikiwa chini sana, chakula peke yake hakitoshi.

Jambo la nne, kuna dawa za jamii nyingine. Mwaka 2025 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mpya, kikashauri kwamba pramipeksoli, ropiniroli na levodopa zisiwe tena dawa za kawaida za maradhi haya, na kwamba gabapentini na pregabalini zitangulizwe, pamoja na madini ya chuma kwa wanaoyahitaji. Dawa hizi nazo zina taabu zake: huleta kizunguzungu na usingizi, na kwa wazee huweza kuleta kuanguka, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo, na kwa mwenye figo mbovu hupunguzwa. Kwa wagonjwa wachache walioshindikana, daktari bingwa huweza kutoa dawa za jamii ya afyuni kwa kiasi kidogo na chini ya uangalizi mkali. Hilo si la kununua dukani.

Jambo la tano ni mwenendo wa nyumbani. Hapa twajua tutawaudhi baadhi ya wazee. Pombe huzidisha maradhi haya, hata ile ya wimbi tunywayo kwa mirija tukiwa tumekizunguka chungu. Hatusemi chungu kivunjwe. Mwenye miguu isiyotulia aweza kuketi na wenzake na kushiriki mazungumzo bila mrija, nasi tusimcheke. Chai nzito na kahawa ziachwe tangu alasiri. Tumbaku nayo iachwe. Kutembea kidogo kabla ya kulala, kuisugua miguu, kuiosha kwa maji ya moto au ya baridi, na kulala saa zilezile kila siku, haya yote hupunguza taabu. Wanawe wapitao Malaba na malori, wakikaa siku nzima katika foleni, na washuke watembee. Na yeyote amezaye dawa za dopamini ajue kwamba zaweza kumshika kwa usingizi wa ghafula mchana. Asiendeshe pikipiki wala gari hali ikiwa hivyo.

Mtatuuliza, mzee yu hali gani leo? Hatutawadanganya kwamba amepona. Maradhi haya mara nyingi hayaondoki kabisa. Zipo usiku mbili tatu kwa mwezi anapoamka na kuzunguka uani. Lakini usiku nyingine hulala, mchana huketi ibada nzima, na mikono imetulia. Tamaa ya kamari ilimwondoka dawa ilipokwisha kupunguzwa. Yeye asema ni kama mtu aliyetoka nyumbani mwake. Mkewe amerudi. Fahali hawajarudi, na mkopo wetu angali akiulipa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa hayo twaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza: Mfuko wa Wagonjwa usilipie kuongezwa kwa dawa ya ugonjwa wa muda mrefu bila barua ya daktari aliyemwona mgonjwa, bali ulipie kwanza vipimo na nauli ya kwenda kumwona. Fedha tulizozimaliza kwa kuongeza vidonge zingelipia kipimo cha feritini mara nyingi.

La pili: mwanachama mwenye umri na heshima akibadilika tabia ghafula, kamati isiandike barua kabla ya kuuliza kwa upole anatumia dawa gani, na tangu lini. Hatusemi kila mkosaji ni mgonjwa. Twasema tuulize kwanza.

La tatu: barua ile ya mwaka 2023 ifutwe katika kumbukumbu za chama, na mzee arudishiwe kiti chake. Sisi tulioiandika twamwomba radhi mbele yenu nyote, kwa maana tuliyaandika kuwa ni tabia mambo ambayo yalikuwa ni dawa, na sahihi iliyoidhinisha dawa hiyo ilikuwa ni yetu.

Mungu aibariki Adungosi na watu wake, na awajalie wagonjwa wetu usingizi.

(Mapendekezo yote matatu yalikubaliwa na mkutano.)